Tangu nianze dawa za sukari nanenepa tu, je niziache?

"Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 46 naishi Ujiji, nauza vitenge sokoni Mwanga. Niligundulika na kisukari mwaka juzi, sukari ilikuwa 19 na nilikuwa nimekonda kutoka kilo 91 mpaka 74, watu wakawa wananong'ona nina ngoma. Nikaanzishiwa metfomini 500 asubuhi na jioni na glibenklamaidi 5 asubuhi na jioni. Sukari imeshuka, asubuhi nakuta 6 au 7, lakini mwili umerudi, saivi nina kilo 86, kitambi na magoti yanauma. Urefu wangu 160. Sukari nimeacha kabisa, chai ya rangi bila sukari, soda sinywi ila nikitetemeka tu, na ugali nakula wa muhogo maana nasikia hauna sukari. Kuna wakati saa tano asubuhi au usiku wa manane nashikwa na njaa ya ajabu, natetemeka natoka jasho, nisipokula naona kama nakufa. Jirani kaniambia hizo dawa ndo zinanenepesha, basi tangu mwezi uliopita dawa za jioni naziruka siku nyingine, nimeanza kufunga Jumatatu na Alhamisi, na kuna chai ya kukata tumbo nimenunua kwa mdada anauza kwenye simu ila sijaanza. Je niache dawa? Na hiyo sindano ya kupunguza mwili inafaa?"

Marahaba dada yangu. Kabla sijagusa habari ya kilo naomba nianze na kitu cha haraka maana hiki hakiwezi kungoja. Hiyo njaa ya ajabu ya saa tano na ya usiku wa manane, ya kutetemeka na kutoka jasho, sio njaa. Hiyo ni sukari imeshuka chini ya kiwango, na we unafunga siku mbili kwa wiki huku glibenklamaidi ipo mwilini, hapo unacheza na hatari kubwa kuliko hizo kilo zote unazozilalamikia. Kwa hiyo simamisha kufunga kuanzia leo, na usisubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye daftari, nenda wiki hii hii umwambie daktari wako kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi, natetemeka mchana mara ngapi, usiku mara ngapi, nilikula nini kabla. Akisikia hivyo kuna uwezekano mkubwa apunguze hiyo dawa moja au aibadilishe, na utashangaa kumbe hata uzito unaanzia hapo hapo.

Sasa turudi kwenye swali lako lenyewe. Unachouliza kwa kweli ni hiki, nilikuwa mgonjwa nikakonda, nimetibiwa nikanenepa, je dawa ndo imeninenepesha? Jirani yako hajasema uongo mtupu ila kashika kipande kidogo cha jambo na kukifanya ndo jambo zima, na kile kipande alichokiacha ndo chenye majibu.

Tuanze na zile kilo 17 ulizopoteza kabla hujagundulika. Nadhani unakumbuka siku zile ulivyokuwa unakunywa maji usiku na kwenda chooni kila saa. Wazee wetu walikuwa wanajua ugonjwa huu kwa sisimizi, mtu akikojoa uani asubuhi unakuta sisimizi wamejaa pale pale. Walikuwa wanafuata sukari. Figo kwa kawaida hairuhusu sukari itoke, inaichuja na kuirudisha kwenye damu, lakini sukari ya damu ikivuka kama 10 hivi (milimoli kwa lita, namba ile ile inayosoma mashine yako) figo inazidiwa na inayobaki inamwagika kwenye mkojo. We ulikuwa na 19. Mtu wa namna hiyo anaweza kumwaga gramu 60 za sukari kwa siku bila shida, hiyo ni kama vijiko 12 vya chai, ni kalori 240 za chakula ulichokitafuta, ukakipika, ukakila, afu kikaenda chooni. Kwa hesabu ya karatasi kwa mwezi inakaribia kilo moja ya mafuta, na mwili ukikosa sukari ndani ya seli unaanza kula mpaka nyama za mapaja na mikono, ndo maana watu wakakunong'ona. Kule kukonda hakukuwa kukonda kwa afya hata siku moja, ulikuwa unavuja.

Dawa ilichofanya kwanza ni kuziba hilo tundu. Ukimeza, sukari ikashuka mpaka 7, figo ikaacha kumwaga, na chakula kile kile cha siku zote sasa kinabaki mwilini chote. Kama hujapunguza chochote kwenye sahani lazima uzito upande, na kilo za mwanzo zilizorudi zilikuwa ni mali yako, misuli na maji na nguvu ulizokuwa umeporwa. Mtu anayetoka 74 ya ugonjwa kwenda 78 au 79 mimi simwiti kanenepa, namwita kapona. Shida yako inaanzia hapo kwenda 86.

Sasa dawa zenyewe, maana watu wanazisema kwa jina moja tu "dawa za sukari" wakati kila moja ina tabia yake. Metfomini haimnenepeshi mtu. Yenyewe inalizuia ini lisimwage sukari hovyo na inausaidia mwili uitikie insulini vizuri zaidi, wengi uzito wao unabaki pale pale na wengine wanapungua kidogo. Na kwa wale wanaosema dawa za hospitali ni kemikali tu, asili yake ni mmea wa porini wa Ulaya unaoitwa Galega, kutoka kwenye kiini cha mmea huo ndo wakatengeneza dawa, na mgonjwa wa kisukari alianza kupewa Ufaransa mwaka 1957. Kwa hiyo unapoiruka metfomini ya jioni ili upungue, unaruka dawa ambayo iko upande wako.

Glibenklamaidi ndo nyingine kabisa. Hii inalikamua kongosho litoe insulini, na inakamua iwe umekula au hujala, haijui kama leo wateja walikuwa wengi sokoni ukachelewa chakula cha mchana. Insulini kazi yake ni kuhifadhi, inaingiza sukari kwenye misuli na ini, inayozidi inageuzwa mafuta na kuwekwa stoo. Kwa hiyo ndio, dawa hii inaweza kuongeza uzito, na insulini ya sindano pia. Ila naomba uone ni kiasi gani. Uingereza walifanya utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1977 na majibu yakatoka 1998, waliwafuatilia wagonjwa kwa takriban miaka 10, wale wa glibenklamaidi waliongezeka kama kilo 1.7 zaidi ya wale waliokuwa wakitegemea zaidi mpangilio wa chakula, na wale wa insulini kama kilo 4 zaidi. We umeongezeka 12 ndani ya muda mfupi. Tukitoa zile nne tano za kupona, tukitoa na moja au mbili za dawa, bado zinabaki kilo tano sita ambazo hazina mwenyewe, na mimi naona mwenyewe yupo kwenye barua yako, tena umemtaja mwenyewe, ni ile soda ya kutetemeka na kinachoifuata.

Hebu tuuangalie usiku mmoja kwa karibu. Umekula saa mbili ukameza dawa zako mbili ukalala. Saa nane unashtuka, kanga imelowa jasho, moyo unakimbia, mikono inatetemeka hata kiberiti hakishiki. Ubongo unapiga kelele kula kula kula, na mkono unaotetemeka hauna subira. Unafungua soda unaimaliza yote, bado unatetemeka maana sukari haijafika kwenye damu, basi unaenda jikoni unakuta kiporo cha ugali na mchuzi unakula sahani, bado hujatulia unaongeza ndizi mbili, afu ndo mwili unatulia unalala. Badala ya ile 6 au 7 yako, asubuhi ya usiku kama huo unaweza kupima ukakuta 9 au 10 ukasema sukari haishuki, kumbe usiku ilikuwa 3. Soda moja ya chupa ina sukari zaidi ya gramu 35, ni vijiko saba hivi, na mwili ulikuwa unahitaji gramu 15 tu. Ukijumlisha na kile kiporo umekula mlo mzima wa ziada saa nane za usiku, na kama hiyo inatokea mara tatu nne kwa wiki hapo hatuna haja ya kumtafuta mchawi wa kilo zako.

Ndo maana nasema kinachokunenepesha zaidi ni ile hofu halali ya kufa usiku. Na hofu hiyo haiondolewi kwa kuruka dawa kienyeji, leo umemeza kesho hujameza, maana siku uliyoruka sukari inapanda, siku uliyomeza inaporomoka, na we unakula kufidia zote mbili. Inaondolewa kwa dozi kupangwa upya na daktari wako, akijua unachokula kweli na muda unaokula.

Mpaka umuone, ukishikwa fanya hivi. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji unywe, au kunywa soda ya kawaida isizidi nusu chupa, sio ile isiyo na sukari hiyo haisaidii kitu. Afu kaa chini uangalie saa ya simu dakika 15. Hizo dakika 15 ni ndefu najua, zinaonekana kama saa nzima, lakini sukari inahitaji huo muda kupanda. Kama una mashine pima, chini ya 4 rudia vijiko vitatu tena. Ukitulia na mlo uko mbali kula kitu kidogo, ndizi moja au kipande cha mkate, basi inatosha. Na waambie wa nyumbani kabisa, siku wakikukuta umezimia au hujielewi wasikumiminie chochote mdomoni, wakulaze ubavu na wakukimbize hospitali.

Kufunga sasa. Najua Ujiji kufunga sio suala la kukata mwili tu, ni ibada, na siwezi kukwambia usifunge maisha yako yote. Ninachokwambia ni kwamba kwa dawa hii, kwa dozi hii na kwa hali unayoniambia, hapana, mpaka dawa zipangwe. Wapo wagonjwa wengi wa kisukari wanafunga Ramadhani salama, lakini walikaa na daktari mapema wakabadilishiwa dawa na muda wa kumeza, na wanapima mchana, ikishuka chini ya 3.9 au ikivuka 16.6 wanafungua pale pale, na kupima kwa kuchoma kidole hakubatilishi funga, mashehe wengi wamelieleza hilo. Na hata ukiruhusiwa, usitegemee kufunga kukupunguzie mwili kama futari ni mihogo ya nazi, tambi, kalimati na uji wa sukari vyote kwenye mkeka mmoja. Wengi wanatoka Ramadhani na kilo mbili za ziada.

Kwenye chakula nina mambo mawili ya kukusahihisha, na yote ni ya huku kwetu. La kwanza ni huo ugali wa muhogo. Dada yangu muhogo ni wanga karibu wote, protini yake ni kidogo sana, na wanga ukifika tumboni unavunjwa kuwa sukari. Jaribu mwenyewe leo, chukua tonge la ugali wa muhogo bila mboga, litafune taratibu dakika nzima usimeze, utasikia utamu unaanza kuja mdomoni, hiyo ni mate yako yanaubadilisha wanga kuwa sukari. Kwa hiyo uliacha vijiko viwili vya sukari kwenye chai, ukabaki na mlima wa sukari kwenye sahani ambao hauna utamu tu. Dona una afadhali kwa sababu ya makapi yake na protini kidogo, lakini nao ukiujaza sahani hesabu ni ile ile. Sikwambii uache ugali, mtu wa Kigoma umwambie aache ugali utakuwa umemwambia nini. Nakwambia kiasi. Kunja ngumi yako, ndo ugali wako wa mlo mmoja. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, mchicha, matembele, bamia, kabichi, na robo iliyobaki iwe samaki au dagaa au maharage. Dagaa zetu za hapa ni protini tupu, maharage nayo yanashibisha na yanapandisha sukari polepole, hapo Mungu ametubariki tusilalamike.

Na najua nyumbani mnakula kwenye sinia pamoja, na kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, mkono unaenda tu mpaka stori ziishe. Usijitenge na wanao, kaa nao hapo hapo, ila ugali wako ukate kwanza uweke kwenye sahani ndogo mbele yako, mboga ndo mchovye wote. Sokoni kwa mama lishe mwambie mapema nipunguzie ugali uniongezee maharage, atakuelewa.

La pili ni mawese. Watu wanasema mawese ni ya asili hayana shida. Ni ya asili kweli, na ule wekundu wake una kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, lakini mafuta ni mafuta, kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, iwe mawese iwe alizeti iwe hayo ya dukani ya bei mbaya. Nenda katazame unavyopika mgebuka. Mawese yanamiminwa kutoka kwenye dumu moja kwa moja mpaka chini ya sufuria pawe pekundu, hakuna anayepima, afu mwisho ule mchuzi unaoelea juu ndo mtamu zaidi tunachovya tonge tunaufuta wote. Sombe, yaani kisamvu, nayo hivyo hivyo, mawese na karanga juu yake. Mimi ninachowashauri kina mama ni kitu kimoja, dumu likae mbali na jiko, mimina mawese kwenye kikombe kidogo cha kahawa kile cha vibarazani, hicho ndo kiwe cha sufuria ya familia nzima, na mgebuka siku nyingine umchome au umchemshe na nyanya na ndimu. Hapo tu bila kubadilisha kingine chochote kuna kilo zinaondoka.

Kutembea nako kusaidie. Unakaa kwenye meza ya vitenge toka asubuhi mpaka jioni, na misuli iliyokaa haichukui sukari. Misuli inayotembea inavuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo dakika 10 mpaka 15 za kutembea baada ya kula zina faida kuliko watu wanavyodhani. Ukirudi shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya chako, jioni baada ya chakula tembea na mwanao mpaka kwenye mnara wa Livingstone mrudi. Lengo la wiki ni dakika 150, usianze nazo, magoti yanakuuma, anza na 10. Vaa viatu vilivyofunika vidole na usiku angalia nyayo, kidonda kidogo usichokisikia ndo kinachokatisha watu miguu. Na mfukoni usikose pipi au sukari kidogo kwenye karatasi.

Ile chai ya kukata tumbo irudishe au itupe, hapa sitakuzungusha. Nyingi ya hizo ndani yake kuna majani ya kuharisha, unachopoteza ni maji na chumvi, mizani inashuka kilo mbili wiki ya kwanza, ukinywa maji zinarudi, na mwenye kisukari akiharisha siku kadhaa huku anameza metfomini anaweza kuziumiza figo. Nyingine ni mbaya zaidi, zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuleta kiharusi na mshtuko wa moyo. Kwenye pakiti wanaandika mitishamba tu.

Kuhusu sindano, nadhani unamaanisha semaglutaidi, ile inayojulikana kwa jina la Ozempic. Ni dawa ya kweli, ilitengenezwa kwa ajili ya kisukari cha aina yako, inapunguza njaa, inachelewesha tumbo kumwaga chakula, na inapunguza uzito vizuri tu. Ila bei yake kwa wengi wetu haishikiki, kabla ya kuanza kutumika inatakiwa ikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, inaleta kichefuchefu na kutapika hasa mwanzoni, na ukiiacha uzito mwingi unarudi. Halafu kuna feki, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwezi wa sita 2024 baada ya Ozempic bandia kukamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, sasa kama imeingia huko kwenye maduka yenye ukaguzi, hiyo ya kuagiza kwa mtu kwenye simu unaijuaje? Akikuandikia daktari na unaimudu sawa. Bila hivyo usiguse.

Kuna kundi lingine la vidonge, dapagliflozini na empagliflozini, hizi zinaifanya figo itoe sukari kwenye mkojo na uzito unashuka kilo mbili tatu. Utaniuliza si ndo kule kuvuja tena? Tofauti ni kwamba kule kwa mwanzo damu ilikuwa imejaa sukari inaharibu macho na figo na mishipa, huku sukari inatolewa ili damu ibaki safi, tena zinalinda moyo na figo. Ubaya wake fangasi sehemu za siri kwa kina mama, na ukiwa unatapika au hauli unatakiwa uisimamishe na uwahi kuonana na daktari. Muulize kama zinapatikana na bei gani. Muulize pia kama anaweza kuongeza metfomini polepole, wengi wanafika miligramu 2,000 kwa siku kama figo ziko sawa, na akapunguza glibenklamaidi au akaibadilisha na gliklazaidi ambayo kwa kawaida haiporomoshi sukari sana. Mimi kwa hali yako ningeanzia hapo kabla ya kufikiria chochote cha gharama. Ila mimi sijakupima figo, yeye ndo atakupima, kwa hiyo neno la mwisho ni lake.

Usijiwekee lengo la kurudi 74, ile 74 ilikuwa ya ugonjwa. Anza na asilimia tano, kwako ni kilo nne na kidogo, kutoka 86 mpaka kama 82, ukichukua miezi mitatu minne sio mbaya. Hata hizo nne tu zinashusha sukari na presha na magoti yatakushukuru. Na kuna habari njema ambayo watu wa huku hawaisikii sana. Mwaka 2017 yalitoka majibu ya utafiti wa Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka sita na hawajaanza insulini, yaani watu kama wewe. Nusu yao walipewa mpango mkali wa chakula, kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu mpaka mitano, na baada ya mwaka asilimia 46 yao sukari ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote ya sukari, na kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Lakini sikiliza vizuri walivyofanya, dawa za sukari walisimamishiwa na madaktari siku ile ile walipoanza, na walikuwa wanafuatiliwa. Mtu akijinyima hivyo nyumbani huku anameza glibenklamaidi atakutwa amezimia. Chakula kikipungua dawa inapunguzwa, viende pamoja, na anayepunguza dawa ni daktari. We ulifanya kinyume, ulipunguza dawa chakula kikabaki.

Kuna dalili ambazo hazingoji kabisa. Ukianza tena kukonda bila kujaribu na kiu na mkojo wa usiku, ukitapika huwezi kushika maji, miguu ikivimba na pumzi inabana ukilala chali, uzito ukipanda kilo mbili tatu ndani ya siku chache, hayo sio mafuta, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku usiogope kuwaamsha watu. Na kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu au vidonge vyovyote vya kuongeza hamu ya kula ulivyopewa wakati ule umekonda, mtajie daktari, navyo vinapandisha uzito na wengi hawavihesabu kama dawa.

Ukienda, beba pakiti za dawa zote, hata hiyo chai. Kuanzia leo andika kwenye kidaftari, saa niliyokula, nilichokula, saa niliyotetemeka, mashine ilisoma ngapi, siku tano tu zinatosha kumfungua macho. Omba kipimo cha figo na kile cha sukari ya miezi mitatu (HbA1c), hicho kwa mtu wa umri wako kwa kawaida tunataka kisizidi asilimia 7. Na kitu kimoja nakusihi, nimewahi kukaa na mama mmoja kwenye foleni, alikuwa amemeza glibenklamaidi saa kumi na moja alfajiri afu akaja bila kula kwa sababu aliambiwa kipimo ni cha njaa, saa nne akawa anaongea maneno hayaeleweki, jasho jembamba limemjaa usoni, watu wanasema kapandwa na mashetani. Kwa hiyo wakikwambia uje na njaa, dawa ya asubuhi usiimeze nyumbani, ibebe pamoja na chakula chako kwenye mkoba, watoe damu kwanza, kula, afu ndo umeze.